Mizani ya Kamalondo

Baba alikuwa na mikebe mitatu
juu ya kabati, mbali na jiko la makala,
mbali na taa, mbali na sisi.
Wa kwanza mwekundu, umekwaruzika pembeni.
Wa pili wa kijani, una maandishi ya Kifaransa.
Wa tatu hauna jina.

Jumapili baada ya misa alivua saa,
akafunga dirisha la upande wa reli
ili upepo wa treni usiguse mizani.
"Mofya, kaa hapa.
Usipumue juu ya sinia."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baruti si moja.
Hii vijiti, kama majani ya chai yaliyokatwa na mtu mwenye subira;
ile vibamba, vyepesi kama magamba ya dagaa wa Mweru.
"Hii ina haraka," alisema. "Ni ya risasi nyepesi.
Hupiga kelele kabla haijafikiri.
Ile ya polepole huisukuma risasi nzito
kama tunavyosukuma lori lililozimika:
kwa bega, Mofya, si kwa teke."

Bunduki yake ya Kibelgiji ilimzidi umri.
Ganda moja alilijaza mara tano, mara sita,
kila mara akipitisha ukucha shingoni
kutafuta ufa.
Mji mzima unakaa juu ya shaba,
shaba inaondoka kwa malori usiku na mchana,
na baba yangu, kule Sakania,
alipiga magoti majanini
akitafuta ganda lake moja
kama mama anavyotafuta kifaranga jua likizama.

Mkebe wa tatu aliuleta mjomba Chabala, fundi wa breki.
"Nimeupata kwa bei ya bure. Baruti ni baruti, shemeji."
Baba akamwaga kidogo juu ya karatasi,
akaitawanya kwa bua la ufagio,
akainama mpaka miwani ikamteleza.
"Si unaona? Inafanana na ya kijani."
"Mapacha nao hufanana," baba akasema.
"Lakini anayekudai ni mmoja."

Hakuutupa, asimwaibishe shemeji.
Aliuweka juu, nyuma ya ile miwili,
kama mgeni asiyeulizwa kwao wapi.

Nusu nyingine ilibaki kwa Chabala.
Mwezi wa tisa bunduki yake ilifunguka kwa nyuma.
Alirudi mkono umefungwa kwa shati,
vidole viwili vimebaki porini.
Hakuna aliyemwambia neno.
Usiku ule baba alimkatia nyama
vipande vidogo, vidogo sana,
akamsogezea bakuli bila kumtazama.

Leo nafundisha Ruashi, darasa la sita.
Vina na mizani. Nane kwa nane.
Mtoto akizidisha silabi
naizungushia duara jekundu, tunacheka,
anafuta, anaanza tena.
Lakini kuna siku kalamu inanining'inia mkononi,
nikasikia dirisha likifungwa,
nikamwona mzee akigonga kijiko kwa kidole,
punje moja, nyingine,
mshale ukitetemeka, ukikataa, ukikubali,
na yeye ameziba pumzi
kwa ajili ya kitu chepesi kuliko kope.

Alikufa wakati wa mvua.
Bunduki tuliirudisha ofisini pamoja na kibali chake.
Miwili yenye majina ilipata mwenyewe.
Wa tatu ulibaki kabatini hadi kiangazi,
nami nikaumwaga uani, penye udongo mtupu,
mstari mwembamba kama njia ya siafu.

Chabala alikuja bila kuitwa.
Alichukua kiberiti mkononi mwangu,
akakishika kwa vile vidole vitatu.
"Rudi nyuma. Niache mimi."

Haikulia. Ilisema fss tu,
moto wa njano ukapita mbio mbele ya miguu yetu
na kwisha kabla sijamaliza kuuona.
Ardhini pakabaki mchoro mweusi.

"Ya haraka," Chabala akasema taratibu,
kama mtu aliyemtambua, baada ya miaka,
yule aliyekuwa akimdai.