Debe Tupu

Nilikuwa na nyimbo kumi na moja na gitaa la mkopo,
nyimbo za adabu, zinazovua viatu mlangoni.
Usiku nikikunja shuka za hoteli, mtaa wa Namba, Osaka,
chumba cha chini, mashine nane za kufulia,
nimeziba masikio kwa pamba.
Alfajiri napanda treni, narudi kutunga kitu laini
ambacho mtu yeyote angeweza kukisahau.

Siku ya mvua nikaingia dukani kwa Uchimura,
kwenye santuri kuukuu na redio zilizokatika ulimi.
Kapuni mwa vitu vya yeni mia tatu, kaseti,
jalada limekatwa kwa mkasi kutoka mfuko wa mchele,
na kwa kalamu nyekundu: ya kumi na saba kati ya thelathini.
Jina la mpigaji hakuna.

Nyumbani nikaiweka, nikabonyeza.
Kwanza mchirizi, kama mafuta yanayosubiri samaki.
Kisha mvumo. Mvumo tu.
Kisha kitu kikaburuzwa juu ya kitu
dakika kumi na tisa.
Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Vilevile.

"Imeharibika," nikamwambia Uchimura kesho yake.
Akaigeuzageuza kama daktari aliyeletewa mtoto mzima.
"Umeisikilizia wapi?"
"Mezani."
"Lala chini. Spika weka sakafuni."

Nikalala.
Mvumo ule, kumbe, ulikuwa na ghorofa.
Chini kabisa palikuwa na mtu anapumua,
au feni, sikujua, na sikutaka kujua.
Nikapitiwa na zamu ya kazi nikiwa chali.

Jumamosi akanielekeza chini ya duka la vifungo,
ngazi kumi na nne, mlango wa chuma.
Wasikilizaji kumi na mmoja, nami wa kumi na mbili.
Mbele, Tazuko Hirukawa, mpishi wa shule ya msingi,
aproni bado kiunoni,
na debe la mafuta ya kukaangia, tupu,
maikrofoni imebandikwa ubavuni kwa plasta ya kidonda.
Nyuma yake ndugu wawili na magitaa,
nyuzi zimelegezwa hata zinakaribia kuning'inia.

Akaligusa debe kwa ukucha.
Ukucha mmoja!
Mguso ukapita katika visanduku vyake vya nyaya, ukarudi
umekuwa lori, umekuwa reli, umekuwa dari linaloteremka,
na ndugu wale wakaukanyagia noti moja, moja tu,
nzito kama godoro lililolowa,
hadi vifungo vya shati langu
vikaanza kutetema kila kimoja kwa zamu yake.

Debe tupu haliachi kuvuma:
ndivyo asutwavyo mjinga.
Lakini nani aliwahi kukaa kitako,
akamaliza saa nzima,
akaliuliza debe linavuma nini?

Baadaye nikamuuliza alianzaje.
"Feni ya moshi jikoni," akasema, akijifuta jasho.
"Miaka sita iliimba vibaya. Nikachoka kuilaumu."
Akanipa debe nimbebee hadi kituoni.
Njia nzima aliongea juu ya bei ya kabichi.

Jumatatu sikutia pamba masikioni.
Mashine ya tano, ile inayochechemea,
ikiona shuka nzito hujisogeza kutoka ukutani
kama mtu anayetaka kusema jambo kikaoni.
Nikailalia kifua. Msimamizi akapita, akanitazama,
akaendelea na hesabu zake za taulo.

Siku hizi nalegeza nyuzi.
Gitaa la mkopo linalalamika, nalo nalirekodi.
Juzi usiku jirani akagonga ukuta:
mara tatu, kimya, mara mbili, na moja nzito ya mwisho,
pigo ambalo ningetafuta mwaka mzima nisilipate.
Nikakimbilia kinasa sauti.
Sikuwa nimekibonyeza.

Nimeongeza sauti kidogo.
Nangoja.