Nyumba Iliyobomolewa

Tartu, saa nane usiku. Theluji dirishani.
Leelo hakushika arobaini na mbili yenyewe,
ameshika kikaratasi cha mahali inapolala.
Kielekezi ni hicho tu:
si mkate, ni kabati ulimo.
Nyota moja mbele ya jina, na mlango hufunguka.

Jana aliirudishia mashine chumba kile,
anwani akasahau kuifuta.
Leo anabisha hodi, anaitika mgeni:
namba ndefu ambayo hakuiandika.
Kisha programu inazirai.

Anacheka kidogo. Mkobani
mna bahasha ya bibi: mtaa wa Lootuse, namba saba,
nyumba iliyobomolewa yeye akiwa darasa la tatu.

Kielekezi anakipa sifuri,
kisielekeze kokote.
Bahasha
anairudisha mkobani.