Ua Lisilojua Kukoma

Ubao ulikuwa umelowa, bati limetoboka tena,
nikawatoa kidato cha sita nyuma ya maabara,
kwenye jiwe. Bwiru hatukosi mawe.
Nikachora kwa chaki miduara minne, mmoja ndani ya mwenzake,
na herufi tatu tu: A, na B, na C,
yule ambaye kwetu hatembei bila H.

"A akiwa peke yake ni sepali, koti la kijani.
Akishikana na B, petali; hapo rangi.
B na C, nyuzi za chavua.
C peke yake, katikati kabisa, chumba cha mbegu.
Na A na C hawakai jiko moja.
Huyu akiingia, yule hutoka."

Wakaandika. Mvua ilikuwa imehamia ziwani,
kijivu, imeinama kama mtu anayefua.

Ndipo Mbuke Lugembe akatoa mkobani haibiskasi nyekundu
na kijiti chake, vimefungwa kwa karatasi ya daftari.
"Mwalimu, hili halimo kwenye miduara yako."

Wembe.
Petali tano, sawasawa. Kisha nyingine. Kisha nyingine.
Thelathini na moja tulipofika, Masalu akapoteza hesabu kwa kucheka.
Penye nyuzi palikuwa na kitambaa kilichokunjamana,
ila mbili tatu bado zilikuwa zinasitasita,
nusu uzi, nusu petali,
na punje ya chavua kwenye pindo, kama kifungo
kilichoshonwa kwa bahati mbaya.

Nikasema: hapa C alinyamaza.
Na C ndiye husema pia, basi, imetosha.
Asiposema, A huvuka mpaka,
ua likafungua ua ndani ya ua,
kama nyumba ya mjomba wangu Mabatini:
kila mwaka chumba, na paa bado.

"Lina mbegu?"
Halina.
"Basi kwetu lilifikaje?"

Akajijibu mwenyewe. Bibi yake, Nyanjige,
alilikata Nansio, kijiti cha shibiri moja,
akavuka nalo melini ndani ya kopo la siagi
mwaka babu alipopata kazi ya kupima pamba.
Na Nansio alipewa na jirani. Na jirani...
Mkono wake ukabaki hewani.

Kitabu changu kinaliita kasoro.
Nikawaambia: kwenye mtihani andikeni kasoro, alama mbili.
Sikuwaambia nilichokuwa nakiona:
visu vya jikoni, makopo, matambara mabichi,
wanawake wasiojua herufi hata moja kati ya zile tatu
wakipokezana kosa lisiloweza kujizaa.

Mbuke alikichomeka kijiti kwenye tope, chini ya mfereji wa bati.
Usiku mvua ikarudi, ikafuta A, ikafuta B.

Juzi nimepita. Majani mawili.
Kuhusu ua, bado hakijasema lolote.