Kiungo cha Tatu

Nyumba zetu mbili, Ngara, zimeegemeana migongo
tangu enzi za makarani wa reli:
ukuta mmoja, paa moja la mabati,
na gata moja inayopita juu ya milango yote miwili
kama mshipi kiunoni mwa mtu aliyekonda.

Kiungo cha tatu kutoka konani ndicho kinachovuja.
Kiko juu ya ukuta wenyewe,
si kwangu, si kwa Kalekye.
Tone hili huangukia kizingiti changu, lifuatalo chake.
Hayana upendeleo.

Mwaka wa pili huu hatujasemezana.
Chanzo ni mita ya stima, shilingi mia nne na themanini,
na neno nililolitamka nikiwa na njaa.
Mvua za Aprili zilitukuta tukitega ndoo, kila mtu yake,
usiku tukisikiliza ndo, ndo, ndo
pande mbili za jiwe lile lile.

Wahenga walisema kuhusu ufa na ukuta.
Hawakusema, ukuta ukiwa wa watu wawili,
nani apande ngazi.

Jumamosi nikapanda mimi.
Ngazi ya kuazima kwa muuza mbao, mguu mmoja mfupi,
nikautilia tofali.
Mfukoni msasa, brashi ya waya,
riveti kumi na mbili za Kamukunji ndani ya gazeti.
Nikachota kwanza maua ya jakaranda yaliyooza,
uji wa zambarau uliogeuka tope,
unyoya wa kunguru, kifuniko cha soda,
betri ya redio (ya nani, jamani, huku juu?)

Kisha nikakwangua.
Juu kabisa, lami ya Otiato, mpangaji kabla yangu;
namjua kwa uvivu wake, alipaka bila kupangusa.
Chini ya lami, gundi iliyokauka kama ukoko wa ugali.
Chini ya gundi, kipande cha mfuko wa saruji.
Na chini ya yote lehemu ya kale,
mstari mwembamba ulionyooka,
kazi ya mkono uliolipwa vizuri
au uliomwogopa msimamizi.

Nikanyoosha shingo upande wa pili.
Pale, kutu ilipotoboa tundu la jicho la sindano,
pamezibwa kwa wekundu unaong'aa.

Rangi ya kucha.
Niliijua: ndiyo aliyoivaa siku ya mita,
kidole kikinielekea usoni.
Alipanda lini? Kwa ngazi gani?
Juu ya stuli, labda, na goti lile bovu,
akapaka tabaka juu ya tabaka
kwa brashi isiyozidi kope.

Ngazi ikatikisika. Nikatazama chini:
kaishika kwa mikono miwili, uso kauelekeza barabarani
kama anayemsubiri mtu mwingine.
"Tofali linateleza," akasema.
Aliiambia ngazi, si mimi.

Nikapiga riveti. Nikafinya silikoni,
nikailaza kwa kidole kilicholowa mate.
Nilipofika kwenye wekundu ule nikauzunguka.
Hapo hapakuwa pakivuja.

Mvua ikaja Jumatatu, saa nane usiku.
Nikatega sikio: kiungo cha tatu, kimya.
Maji yakakimbilia pipani
kwa sauti ya watu wanaopita bila kusimama.
Halafu: ndo.
Hatua tatu kushoto. Kiungo cha nne.
Hicho ni changu peke yangu.

Nikainuka kutafuta ndoo gizani,
na ukutani, upande wa pili,
pakagongwa mara mbili, polepole,
kwa kitu kidogo cha kioo.