Kura ya Gizani

Tartu, Februari. Mto umeganda,
nami nahesabu mate ya watu:
vichupa elfu kumi, kila kimoja na namba yake.

Swali ni la kuku na yai:
unene ndio uliopunguza mshahara,
au mshahara mdogo ndio ulionenepesha,
kwa viazi na bia ya bei rahisi?

Huwezi kumnenepesha mtu ili uone atalipwaje.
Basi natafuta kura iliyokwisha kupigwa
gizani, kabla mkunga hajanawa mikono:
baba yule yule, mama yule yule,
huyu imemwangukia herufi hii, yule ile,
na hakuna aliyeomba.

Humo mna mate ya dada yangu, na yangu.
Namba zetu sizijui; sheria yakataza, nami sitafuti.
Tulilala kitanda kimoja, Võru.
Yeye hushona magodoro. Mimi husoma majedwali.

Jibu: asilimia nne, ongeza au punguza mbili.
Bado nahofia mlango wa nyuma:
jeni iliyotumwa dukani huenda ikapitia kwingine,
kwenye usingizi, kwenye haya.

Maarika kapiga simu. "Leelo, mmegundua nini?"
Kwamba kwa wengi, unene hula ujira.
"Na kwangu?"
Kwa mtu mmoja, dada, hesabu ni bubu.
Akacheka. "Meneja wangu si bubu.
Alinitazama kiuno kabla hajautazama mshono."

Nimeliandika hilo pembeni mwa jedwali,
kwa penseli, mahali pasipo na safu.