Picha za Ripoti

Mwenyekiti aliniambia: piga picha za ripoti.
Bango lionekane, na akina mama wote,
wafupi mbele, wanene pembeni,
Padri katikati kama kitovu.
Nikasema sawa.
Simu yangu ina ufa kwenye kona
lakini jicho lake zima.

Ijumaa tukafika Weti, jua limeshalegea.
Mafungo ya siku tatu, magodoro ishirini na mawili
yametandazwa chini katika darasa la chekechea.
Picha ya kwanza: Mama Leokadia, miaka sabini na moja,
kalala chini ya "b ya bata",
soksi za mwanawe miguuni,
rozari imemwagika kiganjani.
Ya pili: mlangoni, kandambili zetu,
moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu,
zimegeukiana kama zinasengenya.

Jumamosi somo lilikuwa kutulia.
Sista Edeltruda kasema: fungeni macho,
acheni mikono ipumzike magotini.
Dakika haikuisha,
Petronila keshamchomoa mwenziwe uzi begani,
Yustasia anahesabu kwa vidole nazi zilizobaki jikoni,
na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua jicho moja
nilipige jua lililopenya tundu la bati
likatua ndani ya ndoo ya maji ya kunywa
likakaa humo, limetulia
kuliko sisi sote.

Alasiri, kando ya barabara, karafuu zimeanikwa majamvini.
Bi Raya anachambua makonyo.
Katuona tumesimama, kasema:
"Karibuni, hata kwa harufu tu."
Tukakaa. Hakuna aliyetuambia tutulie.
Vidole vikaingia, vikatoka na rangi ya chai.
Adhana ikapita juu ya mikarafuu,
akajifunga upya ushungi wake, akainuka,
akatuachia jamvi tulilinde
lisije likachakurwa na kuku.
Nikampiga kuku.
Picha, namaanisha.

Usiku umeme ulikatika,
simu yangu ikawa taa, ikawa na sinema.
Vichwa vikagongana.
Hii nini? Povu la sabuni.
Na hii? Ufagio umeegemea ukuta wa kanisa, umechoka.
Hii je? Mvuke wa chai, na nyuma yake Yustasia,
kama mtu anayekumbukwa.
"Na bango?" akauliza Mwenyekiti.
Lipo, mama. Upepo ulilikunja.
Limebaki neno "WANA" peke yake.

Kisha Mama Leokadia akaichukua simu,
akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.
"Mikono hii ya nani?"
Picha ilitikisika kidogo: muhogo, kisu,
ganda linaning'inia, refu, halijakatika,
na mishipa imesimama kama vile
nayo inataka kuona kazi.
Yako, mama. Asubuhi, jikoni.
Akautazama mkono wake wa kulia, halafu wa kushoto,
halafu tena ile ya kwenye kioo.
"Miaka yote hii," akasema, "naificha ndani ya kanga."
Hakuirudisha simu mpaka chaji ikaisha.

Ripoti ilikwenda na picha nne.
Sote tumekaza midomo kama tunangoja sindano.
Nyingine mia moja na themanini na saba ninazo mimi,
na kila asubuhi simu inanilalamikia:
nafasi imejaa, futa.
Nafuta matangazo ya vifurushi.
Nafuta ujumbe wa anayenidai.
Kuku simfuti.

Na hii pia siifuti, ingawa haina maana kwa mtu:
kaipiga Mize, mjukuu wa Bi Raya,
alininyang'anya simu naanua nguo.
Nusu ya picha ni kidole chake, chekundu kwa mwanga.
Nusu ni mimi, kinywa wazi, pengo nje,
nacheka kitu
ambacho hadi leo sikikumbuki.