Fomu ya Kufukia

Aliingia saa nne, vumbi la Haneti likiwa bado kwenye nyusi,
akasema mbukwenyi, nikaitikia vibaya kama siku zote
(miaka mitatu Chamwino, ulimi wangu ungali wa Same),
akakaa, bila kukaribishwa, kwenye kiti cha wenye leseni.

Nikamtambua. Nyendo Masima.
Mwezi wa sita tulimkuta njiani na mfuko wa sukari,
ndani mizizi ya mlungulungu, ya kikohozi cha mjukuu.
Nikautundika kwenye mzani:
kilo moja na robo, zao la misitu, hakuna kibali.
Aliuza kuku watatu mnadani akalipa.
Stakabadhi akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga.

Leo akaifungua, ileile, wino umefifia,
kama mama anayeonyesha kadi ya kliniki.
"Safari hii," akasema, "nimeanza na kibali."

Nilifurahi, sitaficha.
Elimu imefika, nikawaza,
yale mabango, ile spika juu ya gari.
Nikavuta fomu. Jina. Kijiji. Aina ya zao.
Kiasi kinachoombwa, kwa kilo au mita za ujazo.

"Sichukui," akasema. "Narudisha."

Kulikuja bwana wa lori, akaeleza, karatasi zake zote zimenyooka:
muhtasari wa kijiji, wajumbe wametia sahihi, mmoja ni mwanangu;
hati ya kusafirishia; mihuri ya zambarau.
Mmoja naujua. Ni huo hapo mkononi kwako, unaodondosha tone.

Sisi tunachimba upande jua linakozama,
mzizi mmoja, unafukia, unakanyaga,
unaondoka bila kugeuka.
Wao waliuzunguka mti
kama wenye njaa kwenye sinia moja la ugali.
Siku tisa.
Mashimo mia na arobaini na mawili,
nimeyahesabu kwa punje za uwele.
La sabini limemvunja mguu ndama wa Chiloleti.

"Mvua ikiyakuta wazi ni makorongo.
Nimepanda na jembe, mgambo akanizuia:
bibi, una kibali?
Basi nipe."

Nikageuza fomu. Kuvuna. Kukusanya. Kusafirisha.
Kuchoma mkaa. Kuingiza mifugo.
Kufukia hakuna.
Nikampigia mkuu wangu. Akacheka, kisha akauliza kwa dhati:
namba ya malipo itoke kwa zao gani?

Nami nikaikumbuka ile Ijumaa.
Kilo elfu nne, kwa maandishi mazuri ya mkono.
Nilisoma viambatisho, vyote vilikuwepo.
Kilima sikukisoma. Hakikuambatishwa.

Nikaandika.
Aina ya zao: udongo.
Kiasi: mashimo 142.
Chombo cha usafiri: mikono.
Mwisho wa kibali... hapo kalamu ikasita.
"Mvua ya kwanza," akasema,
nikaandika mvua ya kwanza.
Muhuri ukadondosha tone lake.

Akalishika pindo la kanga. "Shilingi ngapi?"
Nikatazama dirishani.
Upepo ulikuwa unaliburuta boksi tupu uani,
unaliacha, unalirudia.

Mlangoni akasimama.
"Shimo langu, la mwezi wa sita, nililifukia siku ileile.
Ulikwenda kuangalia?"

Jumamosi nikachukua jembe la ofisi,
nikavaa viatu vya nyumbani, nikapanda.
Juu niliona kanga yake ikiinama, ikiinuka,
na mjukuu kando akikanyaga, akikanyaga, bila kukohoa.

Chini ya mlungulungu wa kwanza akatokea mgambo,
kijana mpya, hanijui.
Akalitazama jembe.
Akaniuliza kwa heshima kabisa,
kama tulivyomfundisha:
mzee, una kibali?

Jina kwenye kile kibali ni la Nyendo.
Nikasimama.